Ukiandikiwa, Soma

Wahenga walinena: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hiyo ilinijia juzi nikiwa nimeketi mbele ya tarakilishi yangu hapa Likoni, nikiijaribu programu mpya ya kuandikia msimbo.

Kwa miaka mingi nimewatengenezea majirani kurasa za wavuti kwa Notepad, ile programu sahili inayokuja pamoja na Windows. Humo kila alama huandikwa kwa mkono, na ukisahau kufunga moja, ukurasa huenda mrama bila ya wewe kuonywa. Mwanafunzi wangu wa zamani akanisihi nijaribu Visual Studio Code, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2015. Hailipiwi, na ikishawekwa katika tarakilishi hufanya kazi hata pasipo intaneti, jambo lenye uzito kwetu sisi tunaonunua bando kwa shilingi za kuhesabu.

Naam, niliipenda. Alama nikiifungua, yenyewe huifunga. Msimbo huupamba kwa rangi, hata kosa likaonekana mapema. Katika faili ya HTML, ukiandika alama ya mshangao na kubonyeza Tab, mifupa yote ya ukurasa hujitokeza kufumba na kufumbua.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Nilikuwa nimetengeneza ukurasa wa kikundi cha akina mama wa mtaani, wote kwa Kiswahili. Jirani yangu asiyeona, ambaye husomewa kurasa na simu yake, akanijia akicheka: "Mwalimu, mbona Kiswahili cha akina mama kinasomwa kizungu?" Nilipochunguza, nikakuta katika mstari wa pili wa mifupa ile herufi "en", yaani lugha ya ukurasa ni Kiingereza. Programu za kuwasomea wasioona huzitazama herufi hizo ili kuchagua sauti. Kiswahili huandikwa "sw".

Kosa lilikuwa langu. Lugha hiyo hubadilishwa mara moja tu katika mipangilio ya programu. Mimi sikusoma nilichoandikiwa. Katika Notepad nilikuwa mwandishi wa kila herufi, na kwa hiyo msomaji wake pia.

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha silabasi ya kuandika msimbo kwa shule za msingi na za sekondari. Walimu wenzangu, jambo hili limekwisha bisha hodi madarasani. Sisemi vyombo vipya vikataliwe. Nasema mwanafunzi aandike ukurasa wake wa kwanza kwa mkono, mstari kwa mstari, ndipo apewe chombo cha kumharakisha. Nanyi wanafunzi, chombo kikikuandikieni mistari kumi, isomeni yote kumi kabla ya kuitoa hadharani.

Jirani yangu sasa anawasikia akina mama wakisema Kiswahili chao. Dawa ilikuwa herufi mbili tu.