Malengelenge ya Mgonjwa wa Figo Yasipuuzwe

Miongoni mwa maradhi yanayowapata watu wanaosafishwa damu kwa mashine limo moja lisilotajwa sana, nalo ni porfiria ya ngozi. Mgonjwa hutokwa na malengelenge migongoni mwa mikono, na ngozi yake huwa dhaifu hata ikachunika kwa kugusa tu ukingo wa meza. Katika visiwa vyetu, ambako kazi za pwani na za shamba hufanywa juani tangu asubuhi, ni rahisi mtu huyo kudhaniwa ameungua, na hawatakosekana watakaomtafuta aliyemroga.

Asili ya maradhi haya imo katika ini. Kimeng'enya kimoja cha ini kikizuiwa kufanya kazi, mabaki yaitwayo porfirini hulimbikizana, huenda na damu hadi ngozini, na mwanga ukiyapiga huiunguza ngozi kutoka ndani. Vinavyokizuia ni pamoja na madini ya chuma yaliyozidi, pombe, na virusi vya homa ya ini aina ya C. Mwenye figo nzima huyatoa mabaki hayo kwa mkojo. Mgonjwa wa figo hana njia hiyo, na mashine ya kawaida huyaondoa kidogo sana kwa kuwa yameshikamana na protini za damu.

Hapo ndipo tiba inapokuwa mtihani. Mgonjwa mwingine angetolewa kiasi cha nusu lita ya damu kila wiki mbili ili chuma kipungue. Huyu wa figo tayari hana damu ya kutosha. Au angepewa klorokwini kwa kiasi kidogo, dawa ile ile ambayo Zanzibar iliiacha kama tiba ya malaria mwaka 2003. Lakini klorokwini hufanya kazi kwa kuyasukuma mabaki kwenye mkojo, na mkojo wenyewe haupo.

Njia iliyobaki huhitaji uangalifu. Kwanza isimamishwe dawa ya chuma, ambayo wagonjwa wa mashine huchomwa mara kwa mara na ambayo aghalabu ndiyo iliyoleta ziada hiyo. Kisha damu itolewe kidogo kidogo, mililita 50 hadi 100 kwa wiki, huku mgonjwa akichomwa eritropoietini ya kuongeza damu. Tena virusi vitibiwe. Zamani jambo hili lilikuwa la hatari, kwani ribavirini ilizidi kuwapunguzia damu wagonjwa wa figo. Leo vidonge vya sofosbuviri na velpatasviri humezwa kwa wiki 12, huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100, na mwaka 2019 Marekani iliruhusu vitumiwe hata na walio kwenye mashine. Wapo wagonjwa ambao malengelenge yao yalitoweka baada ya virusi kwisha.

Kwa wahusika katika wizara na hospitali, tunasema hivi: kila anayeanza kusafishwa damu hapana budi apimwe homa ya ini aina ya C, na apimwe tena kila miezi sita. Virusi hivi huweza kuenea katika chumba cha mashine chenyewe, kwa glavu zisizobadilishwa na chupa moja ya dawa inayochomwa watu wengi. Aidha, malengelenge yakionekana, porfirini zipimwe katika damu kabla ya tiba, maana yako malengelenge yanayofanana kabisa na haya ambayo si porfiria, na kumtoa damu mgonjwa huyo ni kumdhuru bure.

Wakati matibabu yakiendelea, mgonjwa ajifunike kwa mikono mirefu, glavu na kofia pana. Mafuta ya kawaida ya kuzuia jua hayamfai, kwa kuwa mwanga unaomdhuru ni ule wa zambarau, unaopenya hata kioo cha dirisha la daladala. Yanayosaidia ni yale mazito meupe yenye zinki.