Sumaku ya Galaksi na Mitambo ya Rusumo

Sehemu ya umeme unaofika kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi hutoka Rusumo, kwenye maporomoko ya Mto Kagera wilayani Ngara, kwa laini ya kilovoti 220. Mitambo ya pale ina uwezo wa megawati 80, na Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana. Wengi hudhani ndani ya jenereta kubwa kama hizo mna kipande cha sumaku. Kwa kawaida hamna: umeme kidogo hupitishwa kwenye koili za rota, koili zinageuka sumaku, maji yanaizungusha rota, umeme mwingi unazaliwa. Galaksi nayo hufanya hivyo, ila haina waya hata mmoja; waya wake ni gesi yenye chaji.

Uga wa sumaku wa galaksi yetu, karibu na Jua, ni maikrogausi chache tu, yaani dhaifu kuliko wa Dunia kwa makumi ya maelfu ya mara. Usiudharau. Nishati yake inakaribiana na ya msukosuko wa gesi yote inayouzunguka.

Mbegu yake yaweza kuwa ndogo mno. Mwaka 1950 mwanafizikia Ludwig Biermann alionyesha kuwa elektroni, kwa wepesi wake, husukumwa zaidi na shinikizo la gesi kuliko protoni. Hapo mkondo wa umeme huanza, na sumaku pamoja nao. Kisha nyota kubwa zinalipuka, gesi inavurugika, na uga unavutwa na kukunjwa hadi unapata nguvu.

Kazi ya kuupanga uga huo hufanywa na mzunguko wa galaksi. Jua humaliza duru moja kwa takriban miaka milioni 230, lakini gesi ya ndani humaliza mapema zaidi, hivyo uga unaoelekea nje hulazwa kuizunguka galaksi. Kuvuta huku peke yake hakutoshi. Mwanafizikia Eugene Parker alieleza mwaka 1955 kinachokosekana: gesi inayopanda husokotwa na mzunguko, ikaurudisha uga kuelekea nje, na duru ikaanza upya, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka msukosuko ushindwe kuukunja.

Mwaka 2023 darubini ya ALMA nchini Chile ilionyesha uga uliopangika katika galaksi ambayo nuru yake ilisafiri zaidi ya miaka bilioni 11. Wakati huo ulimwengu ulikuwa bado mchanga, hivyo mzunguko ulikuwa na muda mfupi mno wa kuukuza. Kwa maoni yangu, milipuko ya nyota ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa.