Jina la Anuarite

Anuarite ni jina la Wabudu, watu wa Wamba. Maana yake ni: anayecheka vita. Zamani wageni hawakulijua.

Mwaka 1939 alizaliwa huko Wamba msichana aliyejulikana kwa jina hilo. Alipokua akawa Sista Marie-Clémentine. Tarehe 1 Desemba 1964, mjini Isiro, waasi walimwua kwa sababu alikataa kuvunja nadhiri yake. Kabla ya kufa alimsamehe mwuaji wake.

Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri. Ndipo jina likaenea mbali na Wamba.

Watoto wa Shari, Bunia, wanajua uchungu wa vita. Msichana akiitwa Anuarite, na akumbuke: aliyecheka vita hakushika silaha, alisamehe.