Fahamu: Jinsi ya kuona nenosiri la Wi-Fi lililohifadhiwa kwenye simu
Mgeni anaomba nenosiri la Wi-Fi na hakuna anayelikumbuka nyumbani. Halijapotea. Simu yoyote iliyokwisha kuunganishwa inalo.

Kwenye Android, kuanzia toleo la 10 la mwaka 2019, fungua Mipangilio, ingia sehemu ya mtandao na intaneti, gusa jina la mtandao unaoutumia, kisha Shiriki. Simu itataka alama ya kidole au namba ya siri, halafu itatoa msimbo wa QR. Simu nyingi huandika nenosiri chini yake. Kama yako haiandiki, piga picha ya skrini uisome kwa Google Lens, kwa sababu ndani ya msimbo ule jina la mtandao na nenosiri vimeandikwa wazi, bila kufichwa kwa namna yoyote.

Hilo watu wengi hawalijui, na lina hatari yake. Ukituma picha ya msimbo kwenye kundi la WhatsApp, umetuma nenosiri lenyewe. Afadhali mgeni auskani hapo hapo kwenye simu yako.

Wenye iPhone walipata njia ya kuona nenosiri mwaka 2022 kupitia iOS 16: Mipangilio, Wi-Fi, alama ya “i” kando ya jina la mtandao, kisha gusa sehemu ya nenosiri.

Programu zinazoahidi kukupa nenosiri la jirani ziepuke kabisa. Baadhi huchukua nenosiri lako na kuwagawia wengine.