Mgongo kwenye Shina: Mwindaji wa Bata Mzinga Aketi Wapi?

Wengi wetu twamjua bata mzinga wa kufugwa tu, yule ndege mkubwa atembeaye uani kwa majivuno, mkia ameutandaza, shingo imemwiva kwa wekundu. Anayemtazama hivyo humdhani kuwa mpumbavu. Lakini ndugu yake wa mwituni, akaaye katika misitu ya Marekani, ni kiumbe mwingine kabisa. Huyo hulala juu ya miti mirefu, hukimbia upesi, huruka kwa nguvu ijapokuwa ni mzito, na wawindaji wazee wa nchi ile hukiri bila haya kwamba amewashinda mara nyingi kuliko walivyomshinda. Leo twataka kueleza jambo moja tu la uwindaji huo, nalo ni mahali pa kuketi. Jambo lenyewe laonekana dogo, kumbe uhai wa mwindaji mwenyewe umo ndani yake.

Kwanza tujue kwa nini huwindwa kwa kuketi. Baridi ikiisha, yaani katika miezi ya Machi, Aprili na Mei, madume hupaza sauti alfajiri wakiwa bado juu ya miti walikolala, ili majike wawasikie na kuwaendea. Mwindaji huiga sauti ya jike. Wengine hutumia kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kukwaruza, wengine kipande cha mpira kinachowekwa mdomoni, na tangu zamani wenyeji wa asili wa nchi ile walitengeneza filimbi kwa mifupa ya bawa la ndege huyohuyo. Lakini hapa pana kikwazo. Kwa desturi ya ndege hawa, jike ndiye amwendeaye dume. Basi dume akisikia jike aitaye tu bila kuja, huanza kushuku. Huenda akakaribia, lakini hukaribia polepole huku akilitafuta jike kwa macho. Tena masikio yake yamekwisha kumwonyesha sauti imetoka wapi hasa. Kwa hiyo mwindaji huwa ameketi mahali palepale panapotazamwa.

Na macho hayo si ya mchezo! Wanafunzi, chukueni kalamu mchore duara. Duara ina digrii 360. Macho ya bata mzinga yako pande mbili za kichwa, naye bila kugeuza shingo aweza kuona kama digrii 270, yaani robo tatu za duara lenu. Akigeuza shingo kidogo tu, robo iliyobaki nayo yaonekana. Hutambua rangi, na kitu kikitikisika hata mbali hukiona mara moja. Pua haimsaidii sana, na kwa hiyo mwindaji wake hajali upepo kama amjalivyo mwindaji wa swala. Kazi yote ni kuyashinda macho.

Sisi tungefikiri kwamba njia iliyo bora ni kujificha nyuma ya mti. Sivyo. Ajifichaye nyuma ya shina hana budi kuchungulia, na huko kuchungulia ndiko kunakomfichua. Mwindaji hodari huketi mbele ya shina, mgongo umeliegemea, uso ukielekea upande ndege atakakotokea. Maungo yake hupotea ndani ya rangi ya gome, nguo zake zikiwa na mabaka ya majani, uso umefunikwa kitambaa, mikono imevikwa glavu, kwa maana mikono ndiyo itembeayo kuliko viungo vingine. Shina lenyewe liwe pana kuliko mabega yake na refu kuliko kichwa chake anapoketi. Liwe kivulini, na jua likichomoza lipige kutoka nyuma, si usoni. Majani makavu na vijiti huondolewa chini kabla ya kuketi, maana kijiti kimoja kikimchoma mtu pajani hawezi kutulia saa nzima, na mbu wa huko nao wana kazi yao. Mtumiaji wa mkono wa kuume huelekeza bega lake la kushoto kule anakomtazamia ndege, kwa sababu bunduki huzunguka kwa wepesi zaidi upande huo. Magoti huinuliwa, nayo bunduki hulazwa juu yake tangu mwanzo.

Basi, mti gani katika msitu wenye miti elfu? Hapo ndipo akili itakiwapo. Bunduki inayotumika ni ya marisau, na wengi hawafyatui ikiwa ndege yuko mbali kuliko mita 35 hivi, wasije wakamjeruhi bure akaenda kufa vichakani. Mwindaji asiye na uzoefu huchagua ukingo wa uwanja mpana, apate kuona mbali. Naam, ataona mbali, lakini dume naye ataona mbali. Atasimama mita 80, atapatazama mahali palipotoka sauti, hataona jike, atageuka aende zake. Mzoefu huketi nyuma kidogo ya mwinuko wa nchi, au penye kona ya njia, hata ndege asiweze kupaona mahali pa sauti mpaka amekwisha kuingia katika mita zile 35. Tena huangalia pasiwe na kijito, wala bonde lenye kingo kali, wala ua wa seng'enge kati yake na ndege. Ni ajabu kwamba ndege awezaye kuruka juu ya ua husimama mbele yake akatembea huku na huku mpaka hamu ikamwisha. Na ikiwa dume amesikika alfajiri akiwa juu ya mti wake, mwindaji humkaribia gizani, lakini huachia mita 100 au 150 kati yao, kwa sababu miti bado haijawa na majani mengi na aliye juu huona chini.

Sasa twafika kwenye lile tulilotaja mwanzoni. Sauti ya jike haisikiwi na dume peke yake. Mwindaji mwingine naye huisikia. Ikiwa mtu amejificha vema hata ndege asimwone, mtu mwenzake atamwonaje? Hii ndiyo sababu ya pili ya kutaka shina pana, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza: hukinga kichwa na mgongo dhidi ya risasi ya mtu ajaye kutoka nyuma. Kichwa cha dume huonyesha rangi nyekundu, nyeupe na samawati. Kwa hiyo hakuna avaaye rangi hizo, hata leso, hata soksi. Wengine hufunga kitambaa cha rangi ya machungwa katika mti walipoketi, na akiisha kupata ndege humbeba amefunikwa kwa rangi hiyohiyo. Ukimwona mtu anakuja, usipunge mkono, usiinuke, wala usiige tena sauti ya ndege. Sema kwa sauti kuu ya kibinadamu. Asubuhi hiyo imeharibika, ndiyo, lakini mtu atarudi nyumbani kwake.

Wamarekani wana sababu ya kushika sheria za uwindaji huu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndege huyu alikuwa ametoweka katika majimbo mengi, kwa kukatwa misitu na kupigwa bila kiasi. Mwaka 1937 serikali iliamua kwamba kodi ya bunduki na risasi isaidie kuhifadhi wanyama. Katika miaka ya 1950 wataalamu walianza kuwanasa kwa nyavu zinazorushwa na mizinga midogo, wakawahamishia misitu iliyobaki mitupu. Leo yumo katika majimbo yote isipokuwa Alaska, ingawa katika majimbo kadhaa ya kusini amepungua tena. Katika majimbo mengi ni marufuku kuua majike wakati huo wa kutaga. Anayeruhusiwa ni mwenye ndevu, yaani kile kishungi kinachoning'inia kifuani.

Turudi chini ya mti. Jua limetoka, sauti ya dume imekaribia, kisha imenyamaza. Kichwa chatokea juu ya mwinuko, chazama tena. Mwindaji hasogezi bunduki mpaka kichwa hicho kipite nyuma ya shina la mti mwingine. Na dume akienda zake bila kupigwa, aliyejifunza haondoki upesi. Hungoja nusu saa nyingine, mgongo ungali kwenye gome, kwa sababu mara nyingi dume wa pili huja kimya nyuma ya wa kwanza.