Gemu ya zamani inauzwa upya: lipia King of Fighters '98 bila kuliwa pesa

Shule zikifungwa, vibanda vya gemu hujaa, kuanzia Makutano kule Meru hadi Embu mjini. Mara nyingi skrini zinaonyesha mpira. Lakini wapo wateja waliokua na padi mkononi, wengine sasa ni wazazi, ambao wanaulizia gemu moja ya kupigana: The King of Fighters. Leo tunaizungumzia kwa sababu inauzwa upya, na kitu cha zamani kinachopendwa kikiuzwa upya, matapeli nao hawakosi.

Ijue gemu yenyewe kwanza

SNK ya Japani ilitoa King of Fighters '98 mwaka wa 1998. Unachagua wapiganaji 3, kisha unawapanga: nani aanze, nani afuate, nani afunge kazi. Akiangushwa mmoja, anaingia mwingine. Anayeshinda anaendelea na uhai aliobaki nao, akiongezewa kidogo tu. Ndiyo maana mchezaji hodari anaweza kubaki na mtu mmoja na bado akawamaliza wote 3 wa mwenzake, kibanda kizima kikapiga nduru.

Miaka 10 baadaye, 2008, ilirudi kwenye PlayStation 2 kwa jina la Ultimate Match, ikiwa na wapiganaji 64. Toleo la Final Edition likafika Steam, duka la gemu za kompyuta, mwaka wa 2014, kisha PlayStation 4 mwaka wa 2022. Hilo la PS4 lina mfumo uitwao rollback: intaneti ikichelewa, mashine hukisia hatua ya mpinzani, halafu hujirekebisha ikikosea. Kwa mtu wa Meru anayecheza na rafiki aliye Embu, hapo kuna tofauti kubwa.

Kwa hivyo mtu akikwambia anauza "King of Fighters", muulize ni gani. Jina kamili? Ya mashine ipi? Ukinunua ya PS4, haitafunguka kwenye kompyuta.

Piga hesabu kabla ya kulipa

Steam huonyesha bei kwa dola. Tuseme umekuta dola 15, na dola moja ni shilingi 130. Hiyo ni shilingi 1,950, kabla ya gharama ya kubadilisha pesa na bando ya kupakua. Sasa linganisha na kibanda. Kama mechi ni shilingi 20, hiyo 1,950 inakupa mechi 97. Ukicheza mechi moja kila wiki, zitakusukuma karibu miaka 2! Kama unacheza mara chache, kibanda ndicho nafuu, na hakuna aibu. Kama ni kila siku, basi kununua kuna maana.

Usinunue gemu kwa mkopo wa simu. Steam hupunguza bei misimu kadhaa kwa mwaka, na gemu haiozi. Ngoja.

Mitego mitatu

*Akaunti ya bei rahisi.* Mtu kwenye kikundi cha WhatsApp anakuuzia akaunti "yenye gemu zote" kwa shilingi 500, utume kwa namba yake binafsi. Ukituma, ama ananyamaza, ama anakupa akaunti kisha anairudisha kwake kwa barua pepe aliyoifungulia. Hizo 500 kwa wengi wetu ni kibarua cha siku nzima.

*Linki ya gemu ya bure.* Inafungua ukurasa unaokuomba PIN ya pesa zako. Hakuna duka la gemu linalohitaji PIN hiyo. Unaiweka kwenye menyu ya simu yako pekee, baada ya kusoma jina la anayelipwa na kiasi.

*Simu ya mzazi.* Mtoto anayeijua PIN yako ana pochi yako yote. Ibadilishe leo, na usihifadhi kadi kwenye akaunti anayochezea.

Njia salama ya kulipa

Nunua kwenye duka lenyewe. Kwa maduka ya nje, tumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu, kama M-Pesa GlobalPay iliyozinduliwa mwaka wa 2022. Weka kwenye pochi kiasi cha gemu tu, lipa, kisha soma ujumbe wa muamala hadi mwisho.

Mambo yakienda mrama

Gemu ikikataa kufunguka, Steam hukubali maombi ya kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Basi ijaribu mapema. Usinunue leo ukaiweka hadi likizo ijayo.

Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi kwenye M-Pesa, sambaza ujumbe wote wa muamala kwenda 456 mara moja. Usingoje kesho: aliyepokea akishatoa pesa, kuzirudisha huwa kazi ngumu. Na kama ulitumia tapeli mwenyewe, ripoti kwa kampuni yako ya simu na kwa polisi. Hifadhi ujumbe wa muamala, namba yake na mazungumzo yenu. Usifute chochote kwa hasira, maana huo ndio ushahidi wako.

Kama nyumbani kuna kijana anayependa gemu, msomee sehemu ya mitego kabla hajakuomba simu.