Waya wa Akiba: Utangulizi wa Mitandao Isiyojizungusha

Kitabu hiki kinahusu tatizo ambalo kila fundi wa mitandao hukutana nalo mapema. Kebo moja kati ya swichi mbili ikikatika, jengo zima linakosa mawasiliano. Ukiongeza ya pili bila mpango, jengo linakosa mawasiliano vilevile, tena kwa kasi zaidi, na hakuna kebo iliyokatika.

Tuanze na sababu, maana asiyeielewa ataishia kukariri amri za vifaa. Swichi hujifunza kwa kusikiliza. Fremu ikiingia kwenye poti ya tatu, swichi inaandika katika jedwali lake kwamba mtumaji yuko upande huo. Ikiwa haimjui mpokeaji, au fremu imeelekezwa kwa wote, inaitoa katika kila poti isipokuwa ile iliyoingilia. Utaratibu huu ni mwepesi na ndio uliofanya swichi ipendwe: unachomeka, unatumia. Lakini umesimama juu ya dhana moja iliyojificha, kwamba kati ya kifaa na kifaa ipo njia moja tu.

Sasa unganisha swichi mbili kwa kebo mbili, kinga zote zikiwa zimezimwa. Kompyuta moja inauliza wote kwa pamoja: mwenye anwani hii ni nani? Swichi ya kwanza inalipeleka swali kwa kebo zote mbili. Ya pili inapokea nakala mbili. Iliyokuja kwa kebo hii inairudisha kwa ile, na ya ile kwa hii. Nakala hizo zitazunguka mpaka mtu achomoe waya, na kila zinapopita zinamwagwa kwa kompyuta zote. Kila swali jipya linaongeza nakala mbili nyingine. Kebo zikiwa tatu ndipo balaa lenyewe: nakala 3 huzaa 6, 6 huzaa 12, na kuendelea. Ni mji ambao mbiu ya mgambo ikilia, kila aisikiaye naye ana pembe yake na ameamriwa aipulize. Kebo ya gigabiti moja inaweza kupitisha fremu ndogo zaidi ya milioni 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo hakuna nafasi ya kushauriana. Majedwali nayo yanavurugika, kwa kuwa kompyuta ileile inaonekana kuongea mara kutoka upande huu, mara ule.

Msomaji aliyezoea ruta atauliza kwa nini fremu haizeeki. Pakiti ya IP hubeba hesabu ya ukomo: kila ruta inapunguza moja, na hesabu ikiisha pakiti inatupwa. Fremu ya Ethaneti haina hesabu hiyo. Ethaneti ilibuniwa ikiwa waya mmoja wa kushirikiana, na kwenye waya mmoja hapakuwa na pa kuzungukia.

Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alichapisha jibu. Fremu zisibadilishwe, kompyuta zisijue lolote, na vifaa vyenyewe vielewane bila msimamizi. Perlman aliegemea jambo ambalo wanahisabati walikuwa nalo tangu zamani: swichi kumi zinahitaji viungo tisa tu ili zote zifikiane, na muunganiko wa namna hiyo, uitwao mti, hauna mzunguko. Ndani ya mtandao wowote uliounganika, hata ukiwa na nyaya za ziada tele, umo mti unaogusa kila swichi. Kinachobaki ni swichi kuafikiana juu ya mti mmoja na kunyamazisha poti zinazouharibu. Perlman aliitungia algorithi yake hata shairi, Algorhyme, na mwaka 1990 taasisi ya wahandisi ya IEEE ikaifanya itifaki ya kiwango, yenye namba 802.1D.

Mwafaka huo huanza kwa uchaguzi. Kila swichi ina kitambulisho: namba ya kipaumbele, ambayo kwa kawaida ni 32768, ikifuatwa na anwani yake ya kiwandani. Mwanzoni kila moja hujitangaza kuwa mzizi. Ikisikia kitambulisho kidogo kuliko chake, inaacha kujinadi na kumtangaza mwenzake. Kisha kila swichi hutafuta njia ya gharama ndogo kabisa kuelekea mzizi. Hapa nashauri jambo moja kwa mkazo: mzizi uchague wewe. Vipaumbele vikilingana, anwani ndogo ndiyo inayoshinda, na kwa kuwa watengenezaji kwa kawaida hugawa anwani kwa kupanda, mshindi mara nyingi ni swichi kongwe iliyosahauliwa kwenye kabati chini ya ngazi. Mawasiliano ya jengo zima yatapitia humo, na hakuna taa itakayokuonya.

Kwangu mimi, kiini cha fani nzima kiko hapa: poti iliyofungwa hubaki imefungwa kwa sababu inaendelea kusikia. Kila sekunde 2 ujumbe mfupi hutoka kwenye mzizi. Ukikosekana kwa sekunde 20, poti inahitimisha kwamba njia kuu imekufa, inangoja vipindi viwili vya sekunde 15, kisha inafunguka. Hiyo ndiyo akiba tuliyoitafuta. Ila tazama vizuri: itifaki imeuchukua ukimya kuwa ruhusa. Waya wa nyuzi za kioo ukikatika uzi mmoja tu, poti ya upande mmoja haisikii kitu ingawa mwenzake yu hai. Inafunguka, na mzunguko unazaliwa kutokana na kinga yenyewe. Hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston ilionja madhara ya mzunguko mnamo Novemba 2002. Mtandao wake ulikuwa umekua kwa kuunganishwa vipande vipande mpaka mnyororo wa swichi ukapita kikomo cha saba, ambacho saa za itifaki zilipangiwa. Kwa siku kadhaa madaktari na wauguzi walirudi kwenye karatasi.

Yaliyofuata ni marekebisho ya tabia hiyo. Kiwango cha 802.1w cha mwaka 2001 kiliwafanya majirani waulizane na kujibiana badala ya kungoja saa, na kukatika kwa kiungo kukawa jambo la chini ya sekunde mara nyingi. Kufunga kebo kadhaa ziwe kiungo kimoja, kwa 802.3ad ya mwaka 2000, kunaondoa hata haja ya kunyamazisha mojawapo; mimi hupendelea njia hiyo kati ya swichi mbili, ilimradi ujue kwamba mazungumzo ya kompyuta mbili kwa kawaida hubaki kwenye kebo moja na hayapati kasi ya zote. Wanaozima itifaki kabisa kwa sababu inachelewesha kompyuta kuingia mtandaoni sina neno jema kwao. Poti za kompyuta zina mpangilio wake wa kufunguka mara moja, na kinga ya kuzifunga mtu akichomeka swichi humo.

Kwa kuanza tafuta swichi mbili zinazosimamiwa, kebo tatu za kuziunganisha na kompyuta mbili, na usiviunge na mtandao wowote wa kazi. Zima itifaki, chomeka kebo mbili, tuma swali moja, uhesabu nakala. Rudia kwa kebo tatu. Kisha iwashe, chomoa kebo inayotumika, upime muda wa mawasiliano kurudi, kwanza kwa 802.1D, halafu kwa 802.1w. Andika vipimo hivyo, kwa sababu sura ya kwanza inaanza navyo.